Kiguu na njia: kisa cha wimbo uliokuwa "wa kantri mno" kwa Allman Brothers

Oktoba 1972, mjini Macon, jimbo la Georgia. Ndani ya studio ya Capricorn, bendi iliyojipatia jina kwa bluzi nzito inajiandaa kurekodi wimbo ambao wenyewe wanauonea haya. Mwenye wimbo ni mpiga gitaa wao, Dickey Betts. Wenzake hawasemi ni mbaya. Butch Trucks, mmoja wa wapiga ngoma wawili wa bendi, alikuja kueleza baadaye kwamba walijua wimbo ni mzuri, ila haukusikika kama wao. Ulikuwa wa kantri mno.

Wakatafuta upenyo. Wataurekodi, lakini kama sampuli tu, ya kumpelekea rafiki. Albamu ni jambo jingine.

Wimbo wenyewe ni "Ramblin' Man". Kiswahili kilishampa mtu huyo jina zamani: kiguu na njia. Hatulii pahala, akizoea mji huu kesho yuko barabarani, naye anamwomba tu mwanamke anayempenda aelewe. Mwaka mmoja baada ya siku ile, wimbo huo ulikuwa namba 2 katika chati ya Billboard nchini Marekani, ukizuiwa na wimbo wa Cher tu, na hadi leo hakuna wimbo mwingine wa bendi hiyo uliofika juu kiasi hicho. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya wanaroki waliokumbuka kwao, wakarudi kwenye kantri. Nikikipitia tena, neno "walirudi" linanikwama kooni.

Tuanze na aliyekuwa anaruhusu na kukataza katika bendi ile, maana wakati huo hakuwapo tena.

The Allman Brothers Band iliundwa Machi 1969 mjini Jacksonville, Florida, na kiongozi wake alikuwa Duane Allman. Mdogo wake, Gregg, aliimba na kupiga kinanda cha ogani. Betts alishika gitaa la pili, Berry Oakley besi, na ngoma zilikuwa seti mbili: Butch Trucks na Jaimoe, kijana Mweusi mzaliwa wa Mississippi aliyekuwa ameshazunguka na mwimbaji wa soul Otis Redding. Bendi ya mchanganyiko wa rangi, Kusini mwa Marekani, mwaka 1969, ilikuwa jambo la kuangaliwa mara mbili barabarani. Muziki wao ulikuwa bluzi za akina Blind Willie McTell na Muddy Waters, zikinyooshwa kwa pumzi ya jazi ya Miles Davis na John Coltrane hadi wimbo mmoja ufikishe dakika ishirini. Duane alipiga slaidi kwa chupa tupu ya dawa ya mafua aliyoivika kidoleni, na gitaa likalia kama mtu. Albamu yao ya moja kwa moja kutoka ukumbi wa Fillmore East, New York, iliyotoka Julai 1971, ndiyo iliyowafanya wakubwa.

Tarehe 29 Oktoba 1971 Duane akafa katika ajali ya pikipiki mjini Macon. Alikuwa na miaka 24.

Kwa hiyo wimbo wa Betts ulipowekwa mezani mwaka uliofuata, bendi ilikuwa haina baba. Wasimulizi wengi wanaishia hapo: aliyekuwa anashikilia bluzi ameondoka, Betts akapata nafasi, akaingiza kantri yake. Ni maelezo rahisi, na yana chembe ya ukweli. Lakini hayaendani na kalenda. Kuna mkanda wa bendi hiyo ikijipigia tu siku ya mapumziko huko Gatlinburg, Tennessee, Aprili 1971, Duane akiwa hai na mzima. Ndani yake wimbo huu umo tayari, bado mchanga, na Betts anamtaja mtu wake kuwa kiguu na njia "wa kantri". Neno lenyewe limo! Hakulificha.

Tena kuna "Blue Sky". Huu Betts aliuandika kwa ajili ya mpenzi wake, ambaye baadaye alikuwa mkewe, akarekodi na Duane katika siku za mwisho za Duane studio, ukatoka mwaka 1972 katika albamu ya Eat a Peach. Ni wimbo mwepesi, wa jua la asubuhi, na harufu ya kantri iko wazi. Betts alitaka Gregg auimbe. Kwa maelezo yake mwenyewe, ni Duane aliyemsukuma: wimbo ni wako, unasikika kama wewe, uimbe wewe. Sasa huyu ndiye anayeambiwa alikuwa kikwazo?

Kwa hiyo kantri ilikuwa ndani ya nyumba tangu mwanzo. Kilichokuwa hakijafanyika ni kuitaja hadharani.

Na kwa nini iliogopwa? Hapa inabidi tuzungumze muziki kidogo, na aliyewahi kuimba kwaya hatapata shida. Chukua do, re, mi, so, la. Bluzi hucheza na ile "mi": inaivuta chini nusu hatua, inaikunja, inaiacha ikining'inia kati ya furaha na kilio. Duane aliishi kwenye mkunjo huo. Betts, hata anapopiga bluzi, hupenda kuiachia "mi" isimame kamili, iwe angavu, na solo zake hupanda na kushuka kwenye noti hizo kama mtu anayepiga mluzi akienda sokoni. Ndiyo maana sikio la Afrika Mashariki humpokea Betts upesi kuliko wanaroki wengi. Solo za rumba nazo hukaa kwenye "mi" iliyonyooka. Nadhani ni mlango huohuo waliopitia waimbaji wa kantri, Jim Reeves, na baada yake Don Williams, hadi kwenye baa na redio za Kenya wakawa kama wenyeji.

Mkono huo Betts hakuupata kwenye bendi. Alizaliwa West Palm Beach, Florida, tarehe 12 Desemba 1943, na nyumbani baba yake alipiga fidla. Mtoto alianza na ukulele akiwa na miaka mitano, akaenda kwenye mandolini, banjo, mwisho gitaa. Muziki wa nyumba hiyo ulikuwa blugrasi, ule wa nyuzi tupu usio na ngoma, pamoja na swing ya akina Bob Wills wa Texas, ambamo fidla mbili hukimbia sambamba, moja juu na nyingine chini kidogo. Baadaye dunia ikashangaa magitaa mawili ya Duane na Betts yakienda sambamba namna hiyohiyo. Watu wakasema ni jazi. Ilikuwa jazi, ndiyo. Lakini kama umekulia chini ya fidla ya baba, kuna kitu umeshakijua kabla hujaambiwa Coltrane ni nani.

Baba huyohuyo alifanya kazi za ujenzi, akawa anaihamisha familia kati ya pwani ya mashariki na pwani ya magharibi ya Florida. Betts alisimulia kwamba alisoma shule moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao, akawa na marafiki wa huku na marafiki wa kule, na muda mwingi akawa nyuma ya basi la Greyhound. Ule mstari maarufu wa wimbo, wa mtu aliyezaliwa kiti cha nyuma cha basi la Greyhound likiteremka barabara kuu namba 41, umetoka humo. Sehemu ya baba mcheza kamari wa Georgia aliyeishia mbele ya mtutu wa bunduki ni ya kubuni. Baba halisi alikuwa fundi mwenye fidla. Siti ya nyuma ndiyo ya kweli.

Jina la wimbo lilikuwa la watu pia. Hank Williams, nguli wa kantri, alirekodi "Ramblin' Man" yake mwaka 1951, na ile ni ya giza, ya mtu anayetubu huku akiendelea kuondoka. Betts alichukua jina na dhamira, akafungua madirisha.

Kuhusu "mizizi" yenyewe, tuwe waangalifu. Hank Williams alipokuwa mtoto Alabama alifundishwa na mwanamuziki Mweusi wa mitaani, Rufus Payne, aliyeitwa Tee-Tot. Banjo, chombo kinachochorwa kila mahali kama nembo ya mzungu wa shambani, ina asili yake kwa Waafrika waliopelekwa utumwani kutoka Afrika Magharibi. Anayechimba mizizi ya kantri akitarajia kukuta kitu cha watu wa aina moja atachimba sana. Bluzi na kantri zililala chumba kimoja, na biashara ya santuri ndiyo iliyoweka ukuta katikati ili ijue nani auziwe nini.

Ukuta huo ulikuwa mrefu kweli mwaka 1972. Kantri ilikuwa na redio zake, kumbi zake, na msimamo wake. Miaka mitatu tu kabla, mwimbaji wa kantri Merle Haggard alikuwa amevuma kwa wimbo unaowacheka vijana wa nywele ndefu na bangi zao. Allman Brothers walikuwa haohao: nywele ndefu, dawa za kulevya, Mweusi na mweupe chumba kimoja. Kwa hesabu yangu, kusema "huu ni wa kantri mno" hakukuwa suala la noti peke yake. Ni kama kuulizwa kwa ghafla uko upande gani wa meza ya familia.

Turudi studio.

Bendi ina mpiga kinanda mpya, Chuck Leavell, kijana wa miaka 20. Gitaa la pili halina mtu, na hakuna aliyetaka kumweka mtu, kwani kiti kile kilikuwa cha Duane. Les Dudek, mpiga gitaa mwalikwa, amekaa chumba cha mitambo anasikiliza. Betts anatoka chumba cha kupigia, anamuuliza unaonaje, anarudi, anatoka tena. Mwisho anamwambia kwa nini usiingie tupige wote. Dudek akaingia. Alisimulia baadaye kwamba alisimama palepale ambapo Duane angesimama, wakapiga wote kwa pamoja, na Berry Oakley akawa amemkazia macho muda wote kama anataka kumtoboa. Ulikuwa uzito, kasema.

Mimi huwa nasikiliza rekodi hiyo nikilifikiria jicho hilo. Inaanza kwa furaha: magitaa mawili yanateremka pamoja kama watoto kwenye mlima, piano inarukaruka chini yake. Betts anaimba kwa sauti yake ya puani, isiyo na majigambo. Ubeti, kiitikio, solo, ubeti. Hadi hapo ungeweza kuupeleka Nashville, makao ya kantri, ukapigwa asubuhi redioni. Halafu maneno yanakwisha, na wimbo haukwishi. Magitaa yanaanza kupandana, tabaka juu ya tabaka, kila moja likilijibu jingine, na bendi nzima inajikunja nyuma yake na kuongeza mwendo wa damu. Anayelijua dansi ameshaelewa: mashairi yameisha, sasa sebene.

Sebene hiyo ilizaliwa hapohapo, wakati wa ile sampuli ya rafiki. Na ilikuwa karibu ifutwe, kwa kuwa waliona haiendani na wimbo mwepesi namna ile. Walifikiria ibaki kwenye sampuli tu. Husimuliwa kwamba wafanyakazi wa bendi walikuwa wamekaa wanasikiliza, na mmoja wao, Red Dog, mbeba vyombo wao wa siku nyingi, akasema hicho ndicho kitu bora alichokisikia tangu Duane.

Hapo ndipo kisa kilipogeuka, na mtu aliyekigeuza hakuwa mwanamuziki. Mbeba vyombo hana shida na chati. Hajui kama huu ni wa kantri au si wa kantri. Alisikia tu bendi yake imerudi.

Nikilichambua tatizo lao sasa, naona walikuwa wamejiuliza swali la upande mmoja. Waliuliza kama wimbo unafanana na bendi. Hawakuuliza bendi ikiwekwa ndani ya wimbo itafanya nini. Kantri ilibaki kantri kuanzia sekunde ya kwanza, hawakuitia bluzi ili ikubalike, na hawakuvaa kofia pana ili wafanane nayo. Waliipiga hadi mwisho wake, kisha wakafanya kile ambacho wao tu walikijua: kuendelea.

Tarehe 11 Novemba 1972, wiki chache baada ya kurekodi, Berry Oakley akafa. Pikipiki, Macon, mitaa mitatu tu kutoka alipoanguka Duane, na umri uleule wa miaka 24. "Ramblin' Man" ni miongoni mwa vitu vya mwisho alivyopiga. Lamar Williams, rafiki wa Jaimoe wa tangu utotoni, akashika besi, na albamu ikamalizwa.

Brothers and Sisters ikatoka Agosti 1973. Ilikaa namba moja kwa wiki tano. Ndani yake mlikuwa pia na "Jessica", muziki mtupu wa Betts usio na neno hata moja, wenye ile "mi" angavu kuliko zote. Muda mfupi kabla, tarehe 28 Julai, bendi ilikuwa imepiga Watkins Glen, New York, pamoja na Grateful Dead na The Band, mbele ya umati unaokadiriwa kufika watu 600,000. Ile hofu ya kwamba watu wao watawakimbia ilijibiwa namna hiyo.

Sasa mtu mwenye shaka atasema: alinusa soko huyo. Ni swali la haki. Kipimo changu ni kile mtu anachofanya baada ya kufanikiwa, kwa kuwa hapo ndipo angeweza kurudia kilekile na kuvuna. Betts alifanya nini? Mwaka 1974 alitoa albamu yake binafsi, Highway Call, na jina akaandika Richard Betts, la kwenye vyeti. Akamwita Vassar Clements, mpiga fidla wa Florida aliyewahi kupiga na Bill Monroe mwenyewe, baba wa blugrasi. Akamwita John Hughey wa bendi ya mwimbaji wa kantri Conway Twitty, apige lile gitaa la kulaza lenye kanyagio, ambalo sauti yake huvutika kama asali. Waitikiaji wakawa The Rambos, kundi la nyimbo za injili. Upande wa kwanza nyimbo nne za kuimba. Upande wa pili hakuna kuimba kabisa: vipande viwili tu, na cha kwanza, "Hand Picked", kina dakika kama kumi na nne za fidla, banjo na magitaa yakizungumza.

Anayetafuta soko la redio hawapi watu dakika kumi na nne za fidla.

Na sikiliza jinsi kipande hicho kinavyojengwa. Ni ufundi wa Fillmore East: mmoja anachukua nafasi, anaeleza lake, anampisha mwenzake, wote wanakutana tena kwenye kibwagizo. Vyombo tu ndivyo vya sebuleni kwa baba. Kwangu mimi hapo ndipo pahala Betts alipoonyesha wazi kwamba kwake muziki wa nyumbani na muziki wa bendi ulikuwa mmoja. Albamu haikuvuma kama Brothers and Sisters. Ina udhaifu wake pia. Sauti ya Betts inatosha wimbo mmoja ndani ya albamu ya watu wengi, lakini nyimbo nne mfululizo unaanza kumtamani Gregg.

Gregg naye alikuwa njiani kwake. Albamu yake binafsi, Laid Back, ilitoka Oktoba 1973, ya huzuni, yenye nyuzi na waitikiaji wa kanisani. Viongozi wawili, njia mbili. Bendi ilivunjika mwaka 1976, na sababu iliyojulikana ilikuwa ushahidi wa Gregg mahakamani dhidi ya mfanyakazi wao katika kesi ya dawa za kulevya. Kantri haina lawama hapo, ingawa mafanikio ya wimbo mmoja yalikuwa yameshabadilisha nani anamsikiliza nani.

Baada ya mlango kufunguka walipita wengi, na si wote kwa namna moja. Ronnie Van Zant, mwimbaji wa bendi ya roki ya Kusini Lynyrd Skynyrd, alimpenda Merle Haggard bila kuficha, na bendi yake ikarekodi wimbo wa Haggard mwaka 1977. Hank Williams Jr., mtoto wa yule yule Hank, alikuja kwa njia ya kinyume: mwaka 1975 alitoka kwenye kantri ya baba yake akawafuata wapiga roki wa Kusini, akiwamo Chuck Leavell huyuhuyu wa piano. Mwaka 2005 wadogo wawili wa Ronnie, Johnny na Donnie, walitoa albamu ya kantri huko Nashville, na wimbo wao "Help Somebody" ukaingia kumi bora za kantri. Siwabezi, lakini hawakuhitaji kisingizio cha sampuli ya rafiki. Kufikia wakati huo Nashville yenyewe ilikuwa inasikika kama roki ya Kusini, na ukuta ulibaki alama tu sakafuni.

Barabara namba 41 si ya kubuni. Inapita Macon, na ndani ya mji huitwa Vineville Avenue. Nyumba kubwa ambayo bendi iliishi, ambayo sasa ni makumbusho yao, iko kwenye barabara hiyo, na Betts alisema wimbo aliumalizia humo, jikoni kwa Berry Oakley, alfajiri watu wamelala. Ukiifuata kusini unaingia Florida, unateremka pwani ya magharibi, unapita Sarasota, kisha kijiji kiitwacho Osprey. Betts alifariki nyumbani kwake Osprey tarehe 18 Aprili 2024, akiwa na miaka 80.

Hapo Osprey barabara kuu inayopita ni 41.